Visiki vya Baba

Sauti ilitangulia. Ilitoka bondeni, nyuma ya ukungu, ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, mithili ya pikipiki iliyogoma kuwaka. Nilikuwa jiko la nje, nimechuchumaa mbele ya moto, viganja karibu viguse sufuria, maana Julai ya Songea haina utani. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Matogoro ukalala juu ya Mjimwema, na pale nilipokuwa sikuona hata banda la kuku. Kisha ile sauti ikashika, ikapanda, ikawa nyembamba na kali, ikadumu. Mwisho wake kilikuja kishindo ambacho nilikihisi kwenye nyayo kabla hakijafika masikioni.

Mama alitoka ndani, kitenge juu ya sweta. Akasimama, akasikiliza.

"Umelala huo," akasema. "Bado wenzake."

Baba hakutoka. Alikuwa sebuleni na kikombe cha chai, na redio alikuwa ameifungulia sauti kuliko kawaida yake. Alikuwa ameshasema kwamba hatakwenda kuangalia. Miti iliyokuwa ikianguka bondeni ilikuwa ya kwake.

Ilikuwa mikaratusi, imezunguka chemchemi iliyo chini ya nyumba yetu. Aliipanda akiwa mwalimu kijana, hajaoa, katika miaka ile ambayo kampeni ya kupanda miti ilikuwa inaimbwa shuleni asubuhi pamoja na wimbo wa taifa. Wanafunzi wake walibeba miche kwenye viriba, wakashuka bondeni kwa mstari, na pale chini alikuwa anawasubiri Bwana Miti. Ndivyo watu walivyomwita ofisa wa misitu wa enzi hizo, na ndivyo wanavyomwita mpaka leo, ingawa amestaafu zamani. Bwana Miti alikuwa amenyoosha kamba ili mistari isiende upogo. Akawaambia kuwa chemchemi isiyo na miti hufa, na kwamba hakuna mti unaokua haraka kama mkaratusi. Baba aliamini. Watu wote waliamini. Shule ikapewa zawadi ya majembe, na likizo ilipofika, walimu wengine walipokwenda makwao, Baba alibaki peke yake akimwagilia.

Mimi nimezaliwa nikaikuta ni mirefu. Nilipopata mafua Mama alichuma majani yake, akayachemsha, akanifunika blanketi pamoja na sufuria nijifukize mpaka jasho linitoke. Upepo wa Agosti ulipovuma, miti ile ilitoa mvumo mzito, na utotoni niliamini ni umati wa watu unaopita bondeni bila kufika unakokwenda. Niliporudi nyumbani kuandika riwaya yangu, mikaratusi ya Baba ndiyo iliyoingia kwanza kwenye sura ya kwanza. Niliisifu ukurasa mzima. Nikamsomea Mama.

"Pazuri," akasema. "Na mimi ninayeteka maji chini yake, nimo?"

Hakuwemo.

Bonde lenyewe si la mtu mmoja. Ni la wanawake wanaolilima, kila mmoja na dimba lake, kibustani cha mboga kinachonyweshwa kiangazi kizima kwa maji ya chemchemi. Mama ana lake tangu alipoolewa: chainizi, mnavu, figiri, matembele. Lakini mti, kwetu, ni wa aliyeupanda, hata kama ameupanda kwenye ardhi isiyo yake. Hukati tawi la mti wa mwenzako bila kwanza kupiga hodi kwake. Wanawake wale walifanya kazi kwenye kivuli cha Baba, na hata fito za kusimikia nyanya walikuja kuziomba nyumbani.

"Hodi, Mwalimu. Shikamoo. Tunaomba fito."

"Marahaba. Chukueni zile zilizopinda."

Hakuna aliyeivunja desturi hiyo, hata mke wake.

Maji yalirudi nyuma taratibu, kiasi kwamba huwezi kuutaja mwaka ukasema hapa ndipo yalipopungua. Nilipokuwa mdogo Mama alichota ndoo akiwa amesimama. Nilipofika darasa la saba alichota ameinama. Niliporudi na shahada na maboksi ya vitabu nilimkuta anashuka ndani ya shimo, anakomba kwa kibakuli, anasubiri, anakomba tena. Ndoo ikijaa, amemaliza rozari.

"Miti inakunywa," alisema mezani.

"Miti inatunza maji," Baba alijibu. "Iko kwenye vitabu."

"Basi hivyo vitabu vije vinyweshe chainizi."

Amri ilipokuja haikuja na vurugu. Ofisa mazingira alisimama kwenye mkutano wa mtaa akaeleza kwamba sheria inalinda mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji, na kwamba miti inayokunywa sana haitakiwi ndani ya mita hizo, mkaratusi ukiwa wa kwanza. Watu wakageuka kumtazama Baba. Akasimama, akavua kofia, akaikunja.

"Babu yake huyu," akasema akinionyesha mimi, "alikatazwa na Mwingereza kulima kingo za mto. Akalima kwa kujificha, akatozwa faini. Mimi nikaambiwa nipande miti kwenye chemchemi, nikapanda mchana kweupe, nikapigiwa makofi. Leo naambiwa nikate. Huyu binti yangu sijui ataambiwa nini."

"Ataambiwa apande tena," sauti ikasema kutoka nyuma, na mkutano mzima ukacheka.

Baba hakucheka. "Kateni," akasema, akakaa.

Nimesoma historia ya kuhifadhi mazingira ikisimuliwa kwa mikutano ya dunia na mikataba iliyotiwa saini mbali. Sina ugomvi nayo. Ila nyumbani kwetu historia hiyo inasimuliwa kwa amri, na kila amri ina mtu aliyeitii kwa mikono yake. Siku mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchi nzima, Mama aliteremsha kutoka juu ya kabati kikapu cha ukindu cha ujana wake, akakikung'uta vumbi, akaenda sokoni. Yakaisha. Kwake hatua ile kubwa ya taifa ilikuwa kazi ya kunyoosha mkono juu ya kabati. Nilidhani na mikaratusi itakuwa hivyo hivyo. Chensoo, ule msumeno wa injini, ingelia, vumbi lingetulia, tungeendelea na maisha.

Bonde likabaki jeupe. Magogo yakachukuliwa. Wageni wakaja na magari, wakapanda mivengi na mikuyu, miti ya asili inayokaa na maji bila kuyamaliza, wakahutubia, wakapiga picha, wakaondoka. Jioni Baba akashuka peke yake. Aliporudi nilimuuliza pakoje.

"Wamekata vizuri," akasema. "Visiki viko sawasawa, havijapasuka."

Nilidhani ananifariji. Sikujua kwamba ni jicho la mtu wa miti lililokuwa likiongea.

Maji yakapanda. Oktoba ya mwaka uleule, mwezi ambao shimo hubaki tope, chemchemi ilianza kumwagika ukingoni. Mama alirudi na viatu vimelowa chapachapa, akaviweka vikauke mbele ya kiti cha Baba. Baba akavitazama, akasogeza miguu yake, akaendelea kusikiliza redio. Siku zile dimba la Mama lilikuwa la kijani kiasi cha kumfanya mtu wa bodaboda asimame barabarani na kuuliza.

Kisha mvua zikaanza, na visiki vikaamka.

Wageni wenye hotuba walikuwa wamepitiwa na jambo ambalo mchoma mkaa yeyote analijua: mkaratusi ukikatwa haufi. Kila kisiki kilitoa machipukizi pande zote, majani ya mviringo yenye rangi ya fedha, laini, yanayong'aa asubuhi. Nikiri kwamba yalikuwa mazuri. Kufikia Pasaka yalikuwa yamenizidi kimo, na ile mivengi midogo ya wageni ilikuwa imefunikwa haionekani. Mahali ulipokuwa mti mmoja sasa kulikuwa na fungu la miti yenye njaa. Kiangazi kilipoanza, maji yakawa yameshateremka chini ya ukingo.

Baada ya kuvuna mahindi, Mama aliniita twende wote bondeni. Alitembea mbele bila kugeuka. Tulipofika akanyoosha mkono.

Visiki vilikuwa vimesafishwa. Katika kila kimoja machipukizi yote yalikuwa yamekatwa, isipokuwa yale mawili yaliyonyooka kuliko mengine. Mikato ilikuwa ya mshazari, ili maji ya mvua yasituame na kuozesha. Chini kulikuwa na vijiti vimepangwa kwa urefu. Ilikuwa kazi ya upendo, na Mjimwema nzima kuna mtu mmoja tu anayekata hivyo.

"Soma hapo, mwandishi," Mama akasema. "Huyo ni nani?"

Baba tulimkuta uani, amekaa kwenye kigoda. Mama akamwangushia fungu la vijiti miguuni.

"Mwalimu." Alimwita hivyo akiwa amekasirika. Siku nyingine alimwita Baba.

"Naam."

"Umeyapogolea."

"Nilikuwa napita."

"Unapita na panga?"

"Yalikuwa yamesongamana, mama. Ukiyaacha hivyo yanagombania mwanga, hayanyooki."

"Nani kakwambia tunataka yanyooke?"

Baba akainama, akaokota kijiti kimoja, akautazama mkato wake. Mpaka leo naamini hakuwa na hila. Alikuwa ametoa miti yake mbele ya mkutano kwa moyo mweupe. Halafu akashuka bondeni, akaona machipukizi yanabanana, na mikono iliyofundishwa kulea ikalea. Hakuyaweka mambo hayo mawili pamoja mpaka mke wake alipomwangushia vijiti miguuni.

"Basi tupe ruhusa tuvifukie visiki," Mama akasema.

Alikuwa ameshapanga namna. Mama ni Mmatengo wa Mbinga. Kwao wanalima kwenye miteremko mikali kwa mashimo, wanalaza nyasi zilizokatwa, wanazifunika udongo, zinaoza humo na kuushika mlima usiporomoke. Alitaka kutumia ujuzi huohuo kuua badala ya kuotesha: kisiki kimenywe gome mpaka kwenye mizizi, kilazwe nyasi, kirundikiwe udongo kisione mwanga, na chochote kitakachochomoza kinyofolewe kikiwa kichanga, msimu hadi msimu. Jirani mmoja alikuwa amemshauri amwage oili chafu. Mama akamuuliza kama yeye huitia kwenye uji.

"Nitafikiri," Baba akasema.

Akafikiri Julai nzima. Akafikiri Agosti. Machipukizi yake mawilimawili yalinenepa kwa raha, yamepata nafasi. Mimi uvumilivu ulinishinda.

"Mama, twende tu tukayakate. Hataona mpaka tumemaliza."

"Ataona."

"Akiona je? Si ni kwa faida ya wote?"

Alikuwa anachambua mnavu. Hakuinua uso. "Nitakuwa nimemwibia mume wangu ili nipate mboga. Halafu hiyo mboga nimpikie. Itapikika hiyo?"

Mwishoni mwa Septemba tulikuwa tumerudi kwenye shimo na kibakuli. Ndipo lile jambo likapata makali. Bwana Miti, yuleyule wa kamba, siku hizi ana tanuri la kuchoma tofali ng'ambo ya barabara. Ujenzi umeshika kasi Songea, na udongo wa bonde letu ni mzuri kwa tofali. Alikuwa amewaomba wenye madimba wamwachie. Wanawake walikutana kwetu Jumapili, baada ya sala ya jumuiya, wakaketi uani kwenye mikeka. Wanasaidiana kulima kwa zamu, leo dimba la huyu, kesho la yule, na kundi lao wanaliita ngokela, jina ambalo Mama alikuja nalo kutoka Mbinga na wenzake Wangoni wakalizoea pamoja na nyimbo zake. Walizungumza muda mrefu. Kisha wakamwita Baba, na mkubwa wao akasimama. Ni mwanamke mnene, mcheshi, mjane, ambaye dimba lake linapakana na la Mama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Hatujaja kugombana. Tumekuja kuomba fito."

Baba akatabasamu kidogo. "Chukueni."

"Safari hii tunaomba zote."

Tabasamu likakatika. Mama alikuwa anatazama mkeka.

"Mwalimu, tumekubaliana hivi," yule mama akaendelea, utani umemtoka. "Tukivifukia visiki sasa, mvua zitakuta vimelala, na mivengi itapata pumzi. Tukiviacha, chemchemi inakauka mwaka huu. Ikikauka, hatuna cha kukaa kulinda. Tutatafuta bustani kwingine, na bonde achukue mwenye tanuri. Akishachimba, hapo hapatakuwa na chemchemi tena kwa watoto wala wajukuu. Miti ni yako. Tunasubiri neno lako."

"Nimewasikia," Baba akasema.

Wakakunja mikeka, wakaaga. Mama alipika siku hiyo, akapakua, akamnawisha Baba mikono kama kawaida.

Siku moja baadaye Baba akaniambia tutembee. Tulishuka jua likiwa bado changa. Alipita katikati ya visiki, akigusa shina hili na lile kwa kidole, mpaka tukafika kwenye shimo. Akapiga goti kwa shida, akaingiza mkono. Maji yalimfika kwenye kifundo cha mkono.

"Ile likizo," akasema, "unajua nilikuwa namwagilia na maji ya wapi?"

"Ya mto?"

"Ya hapahapa. Nilichota hapa, nikanywesha mche, nikarudi kuchota. Nikirudi nakuta imeshajaa." Alinyanyua kiganja, akayaacha maji yadondoke. "Mimi ndiye niliyeifundisha miti hii njia."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna aliyejua, lakini ingekuwa kumbembeleza, na uso wake haukuwa unabembelezeka.

"Kwa hiyo utatoa ruhusa, Baba?"

"Usiniharakishe. Wewe ukurasa unaufuta kwa kidole. Mimi huu niliuchimba kwa jembe."

Tulipanda kurudi bila haraka. Njiani aliwasalimia watu wote, akauliza habari za watoto wa kila mtu, na mimi nyuma yake nilikuwa nahesabu, si siku, bali mawingu. Hayakuwepo.

Jioni ya juma hilohilo tukasikia hodi. Alikuwa Bwana Miti, amevaa koti la zamani lenye mifuko mingi, vumbi jekundu la tanuri kwenye kola.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mwandishi. Umeshaniandika?"

"Bado, mzee."

"Ukiniandika niandike kijana. Uzee huu si wangu, nimesingiziwa."

Baba akacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia kwa miezi. Wale wawili wana utani wa muda mrefu. Bwana Miti alimwuliza kama bado anasahihisha Kiswahili cha matangazo ya vifo redioni, Baba akamwuliza kama tofali zake zimeacha kuyeyuka mvua ikinyesha. Mama alileta chai na mihogo ya kuchemsha, akarudi kusimama penye pazia la kwenda jikoni. Nilikaa kwenye kochi la pembeni.

"Nimepita bondeni," Bwana Miti akasema alipomaliza kikombe. "Nimeona ule upogoaji. Mkato wa mshazari, machipukizi mawili kila kisiki. Nikajiambia, huyu ni mwanafunzi wangu."

Baba aliinamisha kichwa. Niliona sifa ile inavyomwingia, na nikaogopa.

"Sasa nasikia kina mama wanataka kuvifukia. Mwalimu, hiyo ni kazi ya kumzika mtu mzima mwenye afya. Yale machipukizi muda si mrefu ni mirunda ya kujengea ghorofa. Matawi yatafaa kuni za tanuri. Mimi nichukue udongo, wewe ubaki na miti yako, hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Na wala huhitaji kusema chochote. Usikatae, usikubali. Kaa tu. Kiangazi hiki kitamaliza maneno chenyewe."

Nyuma ya pazia kijiko kiligonga sufuria, kikanyamaza. Kila mmoja wetu mle ndani alijua kwamba anachosema ni kweli. Bonde lilikuwa linaweza kupotea bila mtu yeyote kufanya lolote, kwa Baba kuendelea kufikiri tu.

Baba aliuzungusha mkono wa kikombe mpaka ukaangalia ukutani.

"Wewe ndiye uliyeniambia chemchemi isiyo na miti hufa," akasema.

"Ndivyo tulivyofundishwa chuoni."

"Sikulaumu. Ulisema ulichokijua, nami nikakipanda. Nakuuliza leo. Leo unajua nini?"

Bwana Miti akafuta midomo, akacheka. "Leo najua nina tanuri."

"Hilo jibu la kweli, nakuheshimu kwa hilo. Na mimi ngoja nikujibu kweli. Najua ile miti inakunywa. Nimejua tangu mwaka jana, huyu mama aliponiwekea viatu vyenye maji hapa miguuni. Tangu siku hiyo nimekuwa natafuta namna ya kutojua." Akageuza kichwa kuelekea kwenye pazia. "Mama."

"Abee, Baba."

"Waambie wenzako waje kesho asubuhi na majembe, na nyasi za kutosha. Kumenya gome wasijisumbue. Gome nitamenya mimi."

Sauti ya Mama ikasema, taratibu, "Nitawaambia."

"Mwalimu," Bwana Miti akasema, na sasa utani ulikuwa umemwishia kabisa, "utaua miti yako kwa mkono wako mwenyewe? Ile tuliyoipanda mimi na wewe?"

"Niliipanda kwa mkono huu. Siwezi kuwaachia watu wengine kazi hiyo."

"Utajuta."

"Inawezekana. Nitajuta nikiwa na maji. Na yakitoka machipukizi mengine nitashuka tena, na nisipoweza kushuka atashuka huyu." Hakunitazama aliposema huyu. Hakuhitaji. "Hata ikichukua miaka mingapi. Kuipanda kulichukua likizo moja tu, ndiyo iliyotudanganya."

Bwana Miti akaegemea magoti, akasimama, akavaa kofia.

"Haya. Chai ilikuwa nzuri, mama."

"Karibu tena," Mama akajibu.

Mgeni kwetu husindikizwa. Baba amewahi kumsindikiza mtu mpaka kwake, na yule naye kwa heshima akaanza kumsindikiza Baba kurudi, mpaka Mama akanituma nikawatenganishe barabarani. Bwana Miti alikuwa akisindikizwa siku zote mpaka mwisho wa barabara ya mtaa, wakitembea polepole, mikono nyuma, kila mmoja akimpinga mwenzake kwa sauti. Jioni ile Bwana Miti alitoka, akashuka kizingiti, akasimama uani akisubiri, uso umeelekea barabarani, kama anayempa mwenzake nafasi ya kuvaa viatu.

Baba alifika mpaka mlangoni, akashika mwimo. Hakutoka.

"Leo nenda tu, ndugu yangu," akasema. "Nina panga la kunoa."

Bwana Miti akageuka. Walitazamana, wazee wawili, na hapakuwa na hasira katika uso wa yeyote. Kisha Bwana Miti akainua mkono nusu, akaushusha, akaanza kupanda njia kuelekea tanuri lake, koti lile lenye mifuko mingi likiyumba mgongoni.

Baba akamwangalia mpaka akafika penye michongoma. Akafunga mlango.